MJI UMEVUKA MAJI: Namna ya Kupanga Makao ya Likoni, Kisauni na Changamwe

Kila siku alfajiri maelfu ya watu hushuka mteremko wa Likoni kwenda kungojea feri. Wakati uo huo magari hupangana mstari toka Kisauni na Kongowea kulielekea Daraja la Nyali, na wengine hutoka Changamwe na Miritini kupitia Makupa. Wote waingia kisiwani kutafuta riziki, na jioni wote hurudi kwa njia zizo hizo. Mtu akiutazama msafara huo ataona jambo moja wazi: mji wa Mombasa haukai tena kisiwani. Mji umevuka maji.

Hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 2019 yathibitisha hayo. Katika Kaunti ya Mombasa walihesabiwa watu 1,208,333. Katika hao, waliokaa Mvita, yaani kisiwani penyewe, walikuwa 154,171 tu. Likoni palikuwa na watu 250,358. Kisauni, pamoja na Nyali iliyokuwa sehemu yake zamani, palikuwa na watu 508,507. Changamwe, pamoja na Jomvu iliyotengwa nayo, palikuwa na watu 295,297. Maana yake ni kwamba katika kila watu wanane wa Mombasa, saba wanalala bara na mmoja tu kisiwani. Nusu karne kabla ya hapo, katika hesabu ya 1969, mji mzima ulikuwa na watu 247,073. Kwa hiyo watu wameongezeka karibu mara tano katika maisha ya mtu mmoja.

Watu hawa wote wahitaji mahali pa kulala, maji ya kunywa, choo, njia ya kupita, shule ya watoto na mahali pa kuzikia wafu wao. Mambo hayo hayaji yenyewe. Ama yapangwe mapema, ama yatafutwe baadaye kwa gharama kubwa na kwa machozi. Makala hii yaeleza jinsi mji wa bara ulivyokua, upungufu wake ni nini, na raia ana sehemu gani katika kuutengeneza.

WATU WATATU JUU YA KIWANJA KIMOJA

Asiyejua habari ya ardhi ya Pwani hawezi kufahamu habari ya nyumba zake. Mwaka 1895 Waingereza walichukua utawala wa ukanda wa Pwani, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kwa mapatano ya kumlipa Sultani kila mwaka. Mwaka 1908 ikatoka Sheria ya Hati za Ardhi, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi ajitokeze kuthibitisha haki yake. Waliojua sheria na waliokuwa na maandishi walipata hati. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali. Desturi ya Wamijikenda ya kuishika ardhi kwa pamoja, kwa mbari na kwa kaya, haikuingia vizuri katika sheria hiyo, na wengi wakajikuta wakaa juu ya ardhi ambayo katika vitabu vya Serikali ni ya mtu mwingine.

Lakini palikuwa na desturi nyingine ya Waswahili, yenye asili katika sheria ya Kiislamu, isemayo kwamba mnazi au nyumba yaweza kuwa mali ya mtu mmoja, na ardhi iliyo chini yake ikawa mali ya mwingine. Sheria ya Kiingereza yasema kinyume: kilichofungamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Mombasa ilifuata desturi yake. Ndipo ulipokua utaratibu ujulikanao mpaka leo kwa jina la nyumba bila ardhi. Mwenye shamba hukata viwanja, na mtu hulipa kodi ya ardhi, akajenga nyumba yake ya miti na udongo, au ya mawe, akaezeka kwa makuti au kwa mabati.

Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili ijulikanayo na kila mtu: ukumbi wa kati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma ua wenye jiko na choo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili pamoja na jamaa yake, na vilivyosalia huvipangisha. Basi juu ya kiwanja kimoja mna watu watatu wenye haki mbalimbali: mwenye ardhi apokeaye kodi ya kiwanja, mwenye nyumba alipaye kodi hiyo na apokeaye kodi ya vyumba, na mpangaji alipaye kodi ya chumba.

Utaratibu huu usidharauliwe. Uliwapa makao makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli, mafundi na wachuuzi ambao Serikali haikuwajengea nyumba za kutosha. Tena haukuwa wa fujo tupu. Katika siku za Baraza la Manispaa palikuwa na mipango ya vijiji, ambayo mwenye ardhi aliichora akaonyesha mistari ya nyumba na njia, na Baraza likaipitisha. Kwa hiyo mitaa mingi ya zamani ina njia zilizonyooka kiasi, ijapokuwa nyumba zake ni za udongo.

Hatari yake ni hii. Mwenye nyumba hana hati ya mahali alipojenga. Hawezi kwenda benki kukopa kwa dhamana ya nyumba yake. Haogopi kujenga, lakini aogopa kujenga vizuri, kwa kuwa siku mwenye ardhi akiuza, mnunuzi aweza kumwambia aondoe mawe yake. Naye mpangaji wa chumba ana haki ndogo zaidi ya wote, hali wapangaji ndio wengi. Mpango wowote wa mji utakaosema na mmoja tu katika watu hawa watatu utavunjika, kwa sababu wawili waliosahauliwa wataupinga, au utawatupa nje.

MPANGO WA MJI NI KITU GANI

Watu wengine hudhani kwamba mpango wa mji ni kuvunja vibanda na kujenga maghorofa. Sivyo. Mpango wa mji ni ramani yenye nguvu ya sheria, ionyeshayo kila kipande cha ardhi kitatumiwa kwa kazi gani: hapa nyumba, hapa soko, hapa kiwanda, hapa njia, hapa shule, hapa pasijengwe kitu. Maana yake ni kukubaliana mapema ili jirani asimdhuru jirani.

Yako mambo manne ambayo ni rahisi kuyatenga kabla ya nyumba kujengwa, na ni taabu kuyaingiza baadaye. La kwanza ni njia. Njia ya mtaa isipungue upana utakaoruhusu gari la zimamoto, gari la wagonjwa, na gari la kunyonya uchafu wa vyoo kupita na kugeuka. Penye kichochoro cha upana wa mikono miwili, nyumba moja ikishika moto, nyumba kumi huungua, kwa kuwa maji hayawezi kufika.

La pili ni mfereji wa mvua. Mvua za masika na za vuli huanguka kwa nguvu Pwani, na maji lazima yapate mahali pa kupita kwenda kwenye hori au baharini. Mtu akijenga juu ya mkondo wa maji, maji hayasahau njia yake. Yatapita, ikiwa mlangoni au dirishani.

La tatu ni maji ya kunywa na choo, ambayo yafaa yasemwe pamoja, kama itakavyoelezwa hapa chini.

La nne ni ardhi ya watu wote: uwanja wa shule, zahanati, soko, mahali pa watoto kucheza, na makaburi. Ardhi ya namna hiyo, kwa kuwa haina mwenyewe wa kuilinda, ndiyo huibwa mapema kuliko zote. Leo uwanja, kesho ukuta, keshokutwa hati ya mtu binafsi.

KISAUNI: KISIMA NA CHOO

Sehemu kubwa ya ardhi ya pwani ya Kisauni ni mwamba wa matumbawe na mchanga. Mwamba huo una nyufa na matundu mengi kama sifongo, na maji ya mvua hupenya upesi hata chini. Kwa sababu hiyo visima vya maji hupatikana bila kuchimba sana, na watu wamevitegemea miaka mingi. Lakini nyufa zizo hizo zinazoleta maji ya mvua kisimani huleta na maji ya chooni.

Choo cha shimo si kibaya mahali penye nafasi. Mabwana wa afya hushauri kiwe mbali na kisima kadiri ya mita 30, na katika mwamba wenye nyufa hata umbali huo hautoshi siku zote. Sasa, msomaji na afikiri: katika kiwanja chenye nyumba ya vyumba sita, jirani yake nyumba ya vyumba sita, na kila nyumba ina choo chake, mita 30 zitapatikana wapi? Hapo ndipo kipindupindu na maradhi ya kuhara yanapopata mlango. Kosa si la mwenye kisima wala la mwenye choo. Kila mmoja alifanya kilichomfaa kwake. Kosa ni kwamba hapakuwa na aliyewapangia wote pamoja.

Dawa yake ni maji ya bomba na namna safi ya kuondoa uchafu. Mombasa hupata maji yake kutoka mbali: Mzima, ambako bomba lake lilianza kuleta maji mwaka 1957, Baricho katika Mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, na Tiwi. Vyanzo hivi havitoshi mji uliokua mara tano, ndiyo maana watu hununua maji kwa mitungi kwa bei kubwa kuliko alipayo mwenye mfereji nyumbani. Kuhusu maji machafu, mitambo ya kuyasafisha iko Kipevu, upande wa Changamwe, na sehemu kubwa ya bara haijaungwa nayo. Kwa hiyo, mpaka mabomba yafike, mpango mwema wa Kisauni hauna budi kuonyesha mambo madogo: visima vipi vifungwe kwa kunywa na vitumiwe kwa kufulia tu, vyoo vipi vijengwe kwa shimo lililosakafiwa lisilovuja, na gari la kunyonya uchafu litapita njia ipi. Kazi hii haionekani kwa macho, lakini ndiyo iokoayo watoto.

Kisauni na Bamburi zatoa somo la namna nyingine pia. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, kikichimba matumbawe na kuacha mashimo makavu yasiyoota hata jani. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje katika mashimo hayo. Majani yaliyoanguka yakafanya udongo, miti mingine ikafuata, na ndege na wanyama wakaja. Leo mahali hapo ni msitu ambao watu hulipa kwenda kuutazama. Ikiwa shimo la mwamba mtupu laweza kurudishwa uhai kwa subira, mtaa wa watu wenye akili na mikono hauwezi kuwa umeharibika hata usitengenezeke.

CHANGAMWE: NYUMBA KARIBU NA KAZI

Changamwe ni mahali pa kazi. Hapo pana bandari ya Kipevu, reli, uwanja wa ndege, matangi ya mafuta, na maghala. Tangu 31 Mei 2017 pana na kituo cha garimoshi jipya huko Miritini. Ni jambo jema mtu kukaa karibu na kazi yake, kwa kuwa nauli huokoka. Lakini kukaa karibu na kazi si sawa na kukaa chini ya bomba la moshi.

Habari ya Owino Uhuru yafaa ikumbukwe na kila mpangaji wa mji. Katika kijiji hicho cha upande wa Changamwe na Jomvu, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu tangu 2007 mpaka 2014. Sumu ya risasi iliingia hewani, majini na katika damu ya watoto na watu wazima. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mtoto wake aliugua, aliongoza wenyeji kudai haki, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wenyeji fidia ya shilingi bilioni 1.3. Shauri likakatiwa rufani, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaamua kwa upande wa wenyeji.

Ni ushindi mkubwa kwa watu wasio na mali. Lakini fidia haiondoi risasi mwilini. Kama ramani ya mahali pale ingalizingatiwa, na kiwanda cha sumu kikakatazwa kukaa penye nyumba, shauri lenyewe lisingalikuwako. Hiyo ndiyo faida ya mpango: huzuia shauri kabla halijafika mahakamani.

Changamwe ina mifano mizuri pia. Katika mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia, uliopitishwa mwaka 1978, mtaa wa Chaani ulitengenezwa bila kuwahamisha watu wote, na Mikindani vikapimwa viwanja vyenye njia, maji na mifereji, kisha watu wakajijengea wenyewe kadiri ya uwezo wao. Shauri lilikuwa jepesi: Serikali ifanye kile ambacho mtu mmoja hawezi kukifanya, yaani njia na mabomba, na mtu afanye kile ambacho Serikali haiwezi kukifanya kwa watu wote, yaani nyumba.

LIKONI: MAJI KATIKATI YA MTU NA RIZIKI YAKE

Likoni imetengwa na kisiwa kwa maji membamba lakini yenye kina kirefu, ambayo meli zote za Kilindini hupita humo. Feri ilianza kuvusha watu hapo mwaka 1937. Waendao kwa miguu huvuka bila malipo. Kuvuka huko kumekuwa na msiba wake: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo, na watu 272 wakafa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi waliokuwa wakienda kazini asubuhi.

Sasa iko barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, inayozunguka kutoka Miritini kupita Mwache na Mteza mpaka kusini bila kugusa feri. Barabara hiyo yafaa malori na wasafiri wa mbali. Lakini mama auzaye samaki, akaaye Mtongwe na mwenye wateja Mackinnon, hawezi kuzunguka kilomita nyingi kila siku. Kwake yeye faida kubwa kuliko daraja lolote ingekuwa soko, hospitali na kazi kupatikana Likoni kwenyewe. Hili ni shauri kubwa katika upangaji wa miji siku hizi: usiulize tu namna ya kuwavusha watu upesi; uliza kwa nini walazimike kuvuka.

Likoni imeonyesha pia ugumu wa kupanga baada ya watu kwisha kujenga. Shamba la Waitiki, lenye ekari 930, lilikaliwa na maelfu ya watu baada ya machafuko ya mwaka 1997. Kwa miaka karibu ishirini wakaaji hawakuwa na hati, na mwenyewe hakuwa na shamba. Serikali ililinunua, na Januari 2016 wakaaji wakaanza kupewa hati, kwa sharti la kulipia viwanja vyao. Hati ni jambo kubwa, lakini hati hailazi bomba wala haichongi barabara. Nyumba zikisha kusimama kila mahali, mpima ardhi hufuata kuta badala ya kuta kumfuata mpima ardhi, na kila njia mpya humgusa mtu fulani.

RAIA ANA SEHEMU GANI

Zamani mpango wa mji ulichorwa ofisini, ukaletwa kwa watu kama amri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilibadili jambo hilo, kwa kuweka ushirikishwaji wa wananchi kuwa sharti la utawala. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 yawapa wakaaji mabaraza yao ya kutoa maoni na kuuliza habari. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 yaitaka kaunti itangaze mpango wake hadharani na kupokea maoni na pingamizi kabla haujapitishwa. Tena yakataza mtu kujenga au kubadili matumizi ya ardhi bila ruhusa. Na asiyeridhika na uamuzi juu ya ruhusa ya kujenga, akiwa ni mwombaji au jirani mwenye kuhusika, aweza kukata rufani kwa kamati ya kaunti iliyowekwa kwa kazi hiyo katika muda wa siku 14.

Mombasa haikosi mipango iliyoandikwa. Iko ya kaunti, na uko mpango mkubwa uliotungwa kwa msaada wa Wajapani, ulioanza kuandaliwa mwaka 2015. Kilichopungua ni mpango kufahamika na mtu wa Mtopanga, Chaani au Shelly Beach. Mkutano ukiitwa kwa tangazo la gazeti ambalo hakuna mtaani alisomaye, saa ambayo watu wako kazini, kwa lugha ya wataalamu, hapo watu hawakushirikishwa. Wameandikwa majina tu.

Namna bora yawezekana, na imejaribiwa. Mukuru, Nairobi, ilitangazwa kuwa eneo la mpango maalum mwaka 2017. Watu wa mahali hapo walijipanga toka nyumba chache, wakachagua wasemaji, na wasemaji wakakutana kwa mitaa, ili hata mpangaji wa chumba kimoja awe na njia ya kupeleka neno lake mpaka penye meza ya ramani. Dar es Salaam, katika mtaa wa Hanna Nassif uliokuwa ukijaa maji kila masika, wakaaji walianza mwaka 1994 kujenga mifereji na njia kwa mikono yao wenyewe, wakilipwa ujira na wakifundishwa na mafundi. Fedha ilibaki mtaani, na ujuzi pia.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na Mombasa ni wa Voi. Katika miaka ya 1990 wakaaji wa mtaa wa Tanzania-Bondeni walichagua kushika ardhi yao kwa pamoja chini ya hati moja. Kila mtu ana nyumba yake, aweza kuirithisha au kuiuza. Lakini ardhi hairuhusiwi kuuzwa kwa tajiri wa nje. Mtu wa Pwani ataona mara moja kwamba jambo hili si geni. Ni nyumba bila ardhi ile ile ya babu zake, ila mwenye ardhi sasa si mtu mmoja aliye mbali. Mwenye ardhi ni mtaa wenyewe.

HOFU YENYE SABABU

Watu wengi husikia neno mpango wakaogopa, nao wana sababu. Mahali pakiisha kutiwa njia na maji, thamani ya ardhi hupanda, na kodi ya vyumba hupanda nayo. Mpangaji aliyevumilia matope miaka kumi huondoka siku lami inapofika, na mwenye fedha huja kukaa mahali pake. Kadhalika mitaa ya zamani ya kaunti, kama ile ya Changamwe, Likoni na Miritini, iliwekwa tangu 2015 katika orodha ya mitaa itakayojengwa upya, na swali la kwanza la wapangaji lilikuwa moja: je, sisi tutarudi?

Swali hilo ni la haki, nalo lapasa lijibiwe kwa maandishi kabla ya tofali la kwanza kuvunjwa. Mpango mwema huhesabu wapangaji kwa majina pamoja na wenye nyumba. Husema watakaoguswa na njia watapewa kiwanja wapi, tena karibu na walipokuwa. Huacha nyumba ya vyumba sita isimame pale inapoweza kusimama, kwa kuwa ndiyo hospitali ya mfuko wa mtu wa kipato kidogo. Na hufanya kazi kidogo kidogo, mfereji mwaka huu, njia mwaka ujao, ili watu wasihamishwe wote kwa siku moja.

Kwa upande wao, wakaaji nao wana wajibu. Mfereji uliojengwa leo, kesho ukatupwa mifuko na taka, ni kama haukujengwa. Ajengaye ukuta juu ya njia kwa usiku huku majirani wakinyamaza, amewaibia wote, na walionyamaza wamemsaidia. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

MAMBO YA KUULIZA

Mkutano wa mpango ukiitwa katika wadi, kila mkaaji, mume kwa mke, mwenye nyumba kwa mpangaji, na aende, na aulize mambo haya. Ramani iko wapi, na nani ataifafanua kwa Kiswahili? Nyumba yangu iko wapi katika ramani hiyo? Maji ya mvua yatapita wapi? Choo changu na kisima cha jirani vimefikiriwa? Uwanja wa shule na makaburi umeandikwa kwa jina la nani? Atakayehamishwa atakwenda wapi, na lini? Fedha itatoka wapi, na nani ataitunza? Majibu na yaandikwe, na nakala ibandikwe mahali ambapo kila mtu aweza kuisoma, kama sokoni, msikitini au kanisani.

Jioni msafara wa watu utarudi tena bara, kwa feri, kwa daraja na kwa barabara ya Makupa. Wengi wao watafika gizani. Kama njia ya mtaa wao ni pana na kavu, kama maji ya mtungi ni safi, na kama wajua kwamba kesho hakuna mtu atakayekuja na hati ya kuwatoa, watalala usingizi wa watu wenye mji.